Moshi na vumbi ni adui wa mapafu yaliyokwisha kudhoofika

Kila mwaka, mvua za vuli zinapokatika na mwezi wa Januari kuingia, benchi la wagonjwa katika kliniki yangu hapa Kitengela hujaa watu wa namna moja. Huketi wakiwa wameinama mbele, mikono imeegemea magoti, na ukimwuliza mmoja wao jina lake hulitaja kwa vituo viwili kwa kuwa pumzi haitoshi kulimaliza. Wengi si wageni kwangu. Kuna wenye pumu. Kuna waliougua kifua kikuu miaka iliyopita wakapona, lakini mapafu yakabaki na makovu. Na kuna kundi la tatu, ambalo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani, nalo ni la wenye ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ule ambao madaktari huuita kwa kifupi COPD.

Wenyewe husema ni vumbi. Jamaa zao husema ni baridi ya usiku. Majirani hunong'ona kwamba TB imerudi. Juma hili, ndugu msomaji, nitajaribu kukueleza kwa nini hewa ile ile unayoivuta wewe ukapiga chafya mara mbili na kuendelea na safari yako, humlaza mwenzako hospitalini.

Akiba ya pumzi

Hewa unayovuta hupita puani na kooni, kisha hugawanyika katika mirija inayozidi kuwa myembamba, mfano wa matawi ya mgunga, hadi ifike kwenye vifuko vidogo sana ambavyo idadi yake ni mamia ya mamilioni. Humo ndimo oksijeni inamoingia damuni na hewa iliyotumika inamotoka. Njiani mna walinzi. Nywele za pua huzuia takataka kubwa. Ute unaopaka kuta za mirija hunasa vumbi, na vinyweleo visivyoonekana kwa macho huusukuma ute huo juu kooni, nasi tukaumeza au kuutema bila hata kujua.

Walinzi hao hufanya kazi nzuri mradi chembe ziwe kubwa. Chembe zilizo chini ya mikroni 10 huweza kuwapita na kuingia kwenye mirija, na zile zilizo chini ya mikroni 2.5 hufika hadi vifukoni, na nyingine hupenya hadi damuni. Ili upate picha, unywele wa kichwa chako una unene wa mikroni 70 hivi. Kwa hiyo lile wingu jekundu linalotimka nyuma ya lori, linalotufanya tufunge madirisha ya matatu kwa haraka, sehemu yake kubwa huishia puani. Moshi wa kuni, wa makaa, wa dizeli na wa taka zinazochomwa ndio ulio na chembe ndogo kabisa, na huo aghalabu hatuufungii dirisha.

Mtu mwenye mapafu mazima hutumia sehemu ndogo tu ya uwezo wake anapokuwa ameketi. Kilichobaki ni akiba, ambayo huitumia akipanda ngazi, akikimbilia basi au akipatwa na homa. Mgonjwa wa mapafu amekwisha kuila akiba hiyo. Mirija yake imevimba na kujaa makohozi, na katika baadhi ya wagonjwa kuta za vifuko zimevunjika, hivi kwamba hewa huingia lakini haitoki yote. Ukitaka kujua hali hiyo ilivyo, jaribu hivi: vuta pumzi hadi kifua kijae, toa robo yake tu, kisha vuta tena, toa robo, vuta tena. Baada ya mara nne au tano utaona huna mahali pa kuitia hewa mpya. Mgonjwa wa COPD anapopanda kilima huwa katika hali hiyo hiyo.

Sasa ongeza moshi. Chembe zake na gesi zake huwasha kuta za mirija, nazo huvimba na kutoa ute zaidi. Kwa mtu mzima wa afya uvimbe huo ni mdogo na hausikiki. Lakini hesabu ya mrija ni kali: upana wake ukipungua kwa nusu, ugumu wa kupitisha hewa hauishii kwenye maradufu, huongezeka mara 16 hivi. Mwenye mrija ambao tayari ni mwembamba hahitaji uvimbe mkubwa ili azidiwe. Moto wa taka wa jioni moja unaweza kutosha.

Isitoshe, moshi huwalemaza vile vinyweleo vinavyosukuma ute, kwa hiyo makohozi hukaa na vijidudu hupata pa kuzaana. Ndiyo sababu siku mbovu ya hewa aghalabu hufuatwa na juma bovu la makohozi ya manjano na homa. Na moto unaofukuta bila hewa ya kutosha, kama jiko la makaa ndani ya chumba, hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika. Mtu ambaye oksijeni yake ilikuwa ya kubahatisha hunyang'anywa hata hiyo kidogo.

Katika mji wa London, mnamo Desemba 1952, ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe ulitanda kwa siku tano. Hesabu ya kwanza ilitaja vifo 4,000 hivi, na uchunguzi wa baadaye umefikisha idadi hadi 12,000. Wengi wa waliokufa walikuwa watu waliokuwa na maradhi ya kifua na ya moyo kabla ya ukungu kuja. Uingereza ilitunga sheria ya hewa safi mwaka 1956.

Mgonjwa aliyenifundisha

Miaka kadhaa iliyopita kijana mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliniletea mama yake, mwanamke wa miaka 60 na ushei, aliyehama kutoka boma lao ng'ambo ya Bisil kuja kuishi naye hapa Kitengela. Alikuwa akikohoa kila asubuhi na kuchoka upesi. Nilisikiliza kifua, nikampa dawa ya kuua bakteria. Akapata nafuu kidogo, akarudi. Nikampa nyingine. Tulipima makohozi, hakuna kifua kikuu. Mara ya tatu nilikuwa nimekwisha kuishika kalamu niandike dawa ile ile, mwanawe aliposema kwa masikitiko, "Daktari, yeyo hajawahi kushika sigara maishani mwake, mbona kifua chake ni kama cha mvutaji?"

Nikauliza swali ambalo ningeuliza siku ya kwanza. "Koko, umepika kwa moto wa kuni kwa miaka mingapi?" Akacheka mpaka akakohoa. "Tangu nijue kushika kijiko, daktari."

Tulimpeleka Nairobi akapulize kwenye mashine ya spirometa, ambayo hupima kiasi cha hewa mtu anachoweza kutoa na kwa kasi gani. Jibu lilikuwa COPD, tena iliyokomaa. Nimekiri kosa langu kwake, na nalikiri hapa kwa sababu si langu peke yangu. Sisi madaktari tulifundishwa katika vitabu vya nchi ambako ugonjwa huu ni wa wavuta sigara. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi tajiri zaidi ya 70 kwa kila 100 ya wagonjwa wa COPD walipata ugonjwa huo kwa ajili ya tumbaku, ilhali katika nchi za kipato cha chini na cha kati tumbaku huhusika na 30 hadi 40 tu kwa kila 100, na moshi wa majumbani ni mojawapo ya sababu kubwa. Katika wilaya ya Masindi, nchini Uganda, watafiti waliowapima watu wa zaidi ya miaka 30 mwaka 2012 walikuta ugonjwa huu kwa takriban 16 kati ya kila 100. Karibu wote waliopimwa walikuwa wakiishi na moshi wa kuni na mabaki ya shambani.

Moto wa nyumbani Kajiado

Aliyewahi kuingia katika nyumba ya Kimaasai ya asili, iliyojengwa kwa fito na kukandikwa kwa samadi, atakumbuka jinsi macho yalivyomwasha kabla hajazoea giza. Dirisha ni tundu la ukubwa wa kiganja. Moto umo ndani kwa sababu zinazoeleweka: usiku wa nyanda za Kaputiei una baridi, moshi hufukuza nzi na mbu, na chai lazima ichemke. Wanaoulipia moto huo ni mama na watoto wadogo walio karibu naye.

Hili si jambo la kukisia. Kati ya mwaka 1998 na 2001 shirika la ITDG, ambalo siku hizi huitwa Practical Action, lilifanya mradi huku Kajiado na magharibi mwa Kenya wa kupima moshi majumbani na kutafuta pamoja na akina mama wenyewe jinsi ya kuupunguza. Kajiado ilikuwa na moshi wa kutisha, chembe zaidi ya mikrogramu 4,000 katika kila mita ya ujazo ya hewa kwa wastani wa saa 24. Dawa iliyofaa kuliko zote ilikuwa mwavuli wa bati unaotundikwa juu ya mafiga, wenye bomba la kuutoa moshi nje kupitia paani. Mahali ulipowekwa, moshi ulipungua kwa takriban robo tatu. Madirisha makubwa zaidi yalisaidia, lakini kwa kiasi kidogo.

Robo tatu ni jambo la kushangilia, na kina mama wale walishangilia. Hata hivyo mimi kama daktari wa mapafu yaliyokwisha kuumia natazama robo iliyobaki. Ni mikrogramu 1,000 hivi, ilhali kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2021 kwa chembe ndogo ni 15 kwa saa 24. Kwa hiyo, mwenye COPD akirudi bomani hatoshelezwi na bomba la moshi, hata likiwa zuri namna gani. Yampasa kuondolewa kwenye zamu ya kupika, na alale nyumba isiyo na moto. Najua ni neno zito kumwambia mama wa Kimaasai kwamba asikae kwenye mafiga yake.

Mji nao una yake

Familia yake ilidhani kwamba kwa kumleta mjini wamemwokoa. Mbona basi alizidi kudhoofu?

Nilikwenda kumtembelea. Dirisha la chumba chake lilielekea kiwanja kitupu ambapo ploti tatu za jirani huchoma taka kila jioni: mifuko, chupa za plastiki, nepi, hata kipande cha tairi. Barabara ya mbele haikuwa na lami, na mchana kutwa malori ya mchanga na kokoto yalipita kwenda kwenye nyumba zinazojengwa kote kote. Na mwezi wa Julai, baridi ilipouma, wajukuu kwa wema wao walikuwa wakimwingizia jiko la makaa chumbani na kufunga mlango.

Huo ndio mji wetu. Miaka michache tu nyuma Kitengela ilikuwa mbuga ya ng'ombe na nyumbu, leo imekuwa kitanda cha watu wanaofanya kazi Nairobi na Athi River. Barabara ya Namanga inapita katikati, na malori ya masafa marefu hayalali. Athi River kuna viwanda vya saruji, na machimbo ya mawe yapo huku na huku. Mwezi wa Januari na Februari, halafu tena kuanzia Agosti, upepo wa nyanda hizi huinua vumbi lote hilo. Mwezi wa Juni na Julai shida hugeuka: asubuhi hewa baridi hukaa chini kama maji birikani na kufunikwa na hewa ya joto juu yake, na moshi wa magari na wa majiko hukosa pa kwenda hadi jua lipande.

Haki itendeke, si kila kitu kimezidi kuwa kibaya. Petroli yenye risasi iliondolewa nchini mwaka 2006, na tangu 2015 dizeli inayouzwa Afrika Mashariki ina salfa kidogo sana kuliko ya zamani. Lakini mafuta safi katika injini iliyochakaa bado hutoa moshi mweusi, na anayeuza mahindi ya kuchoma kando ya kituo cha matatu huuvuta kuanzia alfajiri hadi usiku, pamoja na ule wa jiko lake mwenyewe. Wanaochonga mawe na kusaga kokoto wana hatari ya ziada, kwa maana vumbi la mawe lenye silika huleta makovu yasiyofutika mapafuni na humfungulia mlango kifua kikuu. Fundi wa namna hiyo akianza kukohoa asiambiwe ni mafua ya kazi.

Ufanye nini?

Kwanza, jua ugonjwa wako kwa jina. Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili kipimwe kifua kikuu, hilo halina mjadala. Lakini kipimo kikisema hakuna, na kikohozi na kuishiwa pumzi vikaendelea, usikubali kuishi kwa vidonge vya kuua bakteria kila mwezi. Picha ya eksirei peke yake haiwezi kuthibitisha COPD wala pumu. Uliza ni wapi unaweza kupulizia spirometa, na ikiwa umepika kwa kuni au umefanya kazi vumbini, mweleze daktari kabla hajakuuliza. Huenda asikuulize.

Pili, itumie dawa ya kupuliza inavyotakiwa. Bado nakutana na watu wanaoamini kwamba inhela ni ya waliokaribia kufa, au kwamba ukiizoea huwezi kuiacha. Mambo yalivyo ni kinyume: dozi yake ni ndogo kuliko ya kidonge na huenda moja kwa moja panapouma. Mwenye pumu anayetegemea ile ya rangi ya buluu peke yake, inayofungua mirija kwa saa chache, hajatibiwa; miongozo ya dunia tangu mwaka 2019 inasema awe pia na dawa inayotuliza uvimbe wenyewe. Ukishindwa kulinganisha pumzi na mpulizo, chukua chupa ya plastiki ya nusu lita, safi na kavu, toboa kitako chake tundu linaloshika mdomo wa inhela barabara, puliza ndani, uvute kupitia mdomo wa chupa. Si ubabaishaji. Madaktari wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba kwa watoto wenye pumu chupa hiyo ilifanya kazi sawasawa na kifaa cha kununuliwa.

Tatu, tazama nyumba yako. Gesi au umeme ni bora, na ikiwa bei haikuruhusu kupikia gesi kila kitu, basi maharagwe na githeri vipikwe nje, na gesi iwe ya chai na ugali ndani. Mafuta ya taa si badala nzuri, yanachafua hewa ya chumba kuliko tunavyodhani. Jiko la makaa likolezwe nje, lakini usidanganyike kwamba likishakuwa jekundu limekuwa salama, kwa sababu ile gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Kamwe lisiingie chumba cha kulala. Sakafu ipanguswe kwa kitambaa kibichi, isifagiliwe kikavu huku mgonjwa ameketi hapo. Maji ya kufulia yakimwagwa mbele ya mlango hulaza vumbi kwa saa kadhaa.

Madirisha ni suala la saa. Mgonjwa afungue wakati barabara imetulia na jua limekwisha kupasha hewa, afunge magari yanapojaa na majirani wanapowasha taka. Matembezi yake yawe mbali na barabara kuu. Kuhusu barakoa, ile ya kitambaa huzuia vumbi kubwa tu; ile nzito ya N95 huzuia chembe ndogo ikikaa vizuri usoni, lakini aliyezidiwa sana huona inamkaba, asilazimishwe.

Anayevuta sigara aache. Sijasema mengi juu ya hilo leo kwa kuwa umeyasikia, si kwa kuwa moshi wa kuni umeisafisha tumbaku.

Na ule moto wa taka? Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na afisa wa afya ya umma wa kaunti pamoja na NEMA wana uwezo wa kuchukua hatua. Nimeona hata hivyo kwamba mazungumzo ya ana kwa ana hufika haraka kuliko barua. Mtu hachomi taka ili amwue jirani, huchoma kwa sababu gari la taka halijapita. Ploti zikichanga pamoja za kulipa mzoaji, moto hukosa kazi.

Dalili za kukimbilia hospitali ni hizi: mgonjwa anashindwa kumaliza sentensi, midomo au kucha zinageuka rangi ya samawati, anasinzia au kuchanganyikiwa, au inhela haimsaidii kama kawaida yake. Hapo usingoje asubuhi. Ukifika, waambie wauguzi kwamba ana COPD, kwa maana wagonjwa hawa hupewa oksijeni kwa kipimo, na ikizidi inaweza kuwadhuru.

Yule mama yumo bado katika daftari langu. Kitanda chake kilihamishiwa upande wa pili wa nyumba, jiko la makaa likatolewa, wajukuu wakamnunulia blanketi mbili badala yake. Majirani wawili kati ya watatu waliacha kuchoma taka. Februari iliyofuata vumbi lilikuja kama kawaida, akakohoa kwa siku nne, tukamwongezea dawa, lakini hakulazwa. Alipokuja kuniona alitembea kutoka stendi kwa miguu yake, akapumzika mara mbili njiani, na alipofika mlangoni alitaja jina lake lote kwa pumzi moja kabla sijamwuliza.